Kuiga seli za kumbukumbu kwa kompyuta: milinganyo, bahati nasibu au mawakala?

Kadi yangu ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano inayokaa ndani ya pasipoti, iligongwa mhuri mwaka 2012, na pembeni mwa mhuri mtu ameandika kwa kalamu kwamba inaisha 2022. Haikuisha. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaihesabu kuwa halali kwa maisha yote ya mwenye nayo, hata zile za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Sindano ilikuwa moja tu. Watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S walichomwa tatu, na baadhi yao wakaongezewa ya nne, kwa sababu kingamwili zao zilikuwa zinashuka.

Tofauti ya chanjo hizi mbili imejificha, kwa sehemu, kwenye seli za kumbukumbu, yaani seli za kinga zinazobaki mwilini zikimkumbuka adui: zinazaliwa lini, kutoka kwa nani, na hudumu vipi. Huwezi kukaa ndani ya wengu wa mtu ukazihesabu, ndiyo maana kuna wanaoziiga kwa kompyuta. Anayeanza kazi hii anakuta njia kubwa tatu: milinganyo ya kasi ya mabadiliko, modeli za bahati nasibu, na modeli za mawakala. Kila njia ina mashabiki wake, na ukiwasikiliza wakibishana utadhani ni Simba na Yanga. Mimi nimetumia zote tatu na msimamo wangu nautoa mapema: data uliyonayo mkononi ndiyo ichague modeli. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona video ya vidoa vya rangi vikitembea kwenye skrini, wanaipenda, halafu wanaanza kutafuta swali la kuibandikia.

Kitu chenyewe kinachoigwa

Ukiumia mguu, mtoki unavimba kinenani. Uvimbe ule ni umati wa seli zinazogawanyika. Kwa panya wa maabara aliyeambukizwa LCMV, virusi vya panya vinavyotumika sana kuchunguza kinga, umati huo umehesabiwa vizuri sana. Kabla ya maambukizi, seli T za CD8 (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa) zinazotambua kipande kimoja mahsusi cha kirusi ni kama mia au mia mbili katika mwili mzima. Kufikia siku ya 8 ni milioni kadhaa, zinakaribia milioni 10. Halafu vita vikiisha, kati ya asilimia 90 na 95 ya jeshi hilo linakufa ndani ya wiki chache. Zinazobaki ndizo kumbukumbu, na idadi yake haitikisiki tena hadi panya anazeeka, zikitunzwa na IL-7 na IL-15, protini ambazo seli hutumia kupeana ujumbe.

Ugomvi upo kwenye neno "zinazobaki". Kambi moja inasema seli zote hupitia upiganaji, kisha chache zenye bahati hustaafu zikawa kumbukumbu. Kambi ya pili inasema hapana, njia zinatengana mapema: baadhi ya seli hushika njia ya kumbukumbu tangu siku za mwanzo, hazikimbii sana kugawanyika, na hazikuwahi kuwa wauaji kamili. Weka ugomvi huu akilini, maana ndio mizani nitakayopimia njia zote tatu.

Kwa seli B, zile za kinga zinazotengeneza kingamwili, hadithi ina mahali pake. Ndani ya mtoki huchipua vituo vidogo, vituo vya uchipuzi, kila kimoja na maelfu machache ya seli, ambamo jeni za kingamwili hubadilishwa kwa makusudi, karibu kosa moja kwa kila herufi elfu katika kila mgawanyiko. Kiasi hicho ni kikubwa mno kuliko makosa ya kawaida ya seli. Mengi huharibu, machache huboresha, na seli yenye kipokezi (mkono wake wa kutambulia) kinachoshika antijeni, yaani kipande cha adui, vizuri zaidi ndiyo inayoendelea. Humo ndimo hutoka seli B nyingi za kumbukumbu na seli za plazima zinazomwaga kingamwili miaka na miaka.

Milinganyo: nafuu, na ina akili kuliko inavyodhaniwa

Njia hii haimjui mtu mmoja mmoja. Inajua vikundi: seli changa (ambazo bado hazijakutana na adui), wapiganaji, kumbukumbu. Kila kikundi kina mlinganyo unaosema kinaongezeka kwa kasi gani na kinapungua kwa kasi gani. Unaipa kompyuta namba za mwanzo, inakuchorea mistari.

Tufanye hesabu ya karatasi. Kutoka seli 200 hadi milioni 10 ni kuongezeka mara 50,000, yaani seli zijizidishe maradufu mara 15 au 16 hivi. Rob De Boer, Alan Perelson na wenzao walipolinganisha milinganyo yao na data za LCMV mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipata kwamba seli za CD8 hujizidisha kila baada ya saa 8 hivi. Mara 15.6 kwa saa 8 ni saa 125, siku 5 na ushei. Ondoa hizo kutoka siku ya 8 na unapata kwamba mbio zilianza kati ya siku ya pili na ya tatu. Kwa mistari minne ya hesabu umeshajua jambo ambalo hakuna aliyekuambia: kuna siku mbili na zaidi za kimya kabla ya mgawanyiko kushika kasi. Modeli nzuri hukupa ukweli ambao hukuuweka.

Sasa RTS,S. Uchambuzi wa data za majaribio uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa kingamwili zake hushuka kwa hatua mbili: sehemu moja hupungua nusu kila siku 45, nyingine kila siku 591. Ili uone maana yake, chukua mfano wangu wa kubuni: mtoto ana vipimo 10,000 vya kingamwili, 9,000 vya aina ya haraka na 1,000 vya aina ya polepole. Baada ya siku 90 za haraka zimebaki 2,250, za polepole 900, jumla 3,150. Baada ya mwaka, za haraka ni 33 hivi, za polepole 652, jumla 685. Mtafiti aliyepima siku ya kwanza na ya 90 tu, akachora mteremko mmoja, angetabiri kwamba baada ya mwaka zimebaki kama 92. Amekosea mara saba, na hakuna mawakala wala kompyuta kubwa ambayo ingemwokoa. Alichohitaji ni kikundi cha pili kwenye milinganyo yake, na sampuli moja zaidi ya damu.

Ubaya wake? Milinganyo haijui kuwa seli haigawanyiki vipande. Wakati fulani nilipata grafu tamu: virusi vinaisha siku ya 12, mwili unatulia, halafu siku ya 40 maambukizi yanarudi na seli za kumbukumbu zinainuka kuyapiga. Nilikaa siku tatu nikitunga maelezo ya kibiolojia. Nilipofungua jedwali la namba nikakuta kwamba virusi havikuwahi kuisha. Vilishuka hadi 0.0004 ya kirusi kimoja, vikasubiri huko, vikafufuka. Kirusi kimoja chenyewe hakipo, lakini sehemu zake nne za elfu kumi zimezaa mamilioni. Tangu siku hiyo kila mlinganyo wangu una kizingiti: ukishuka chini ya moja, ni sifuri.

Bahati nasibu: pale ambapo wastani unadanganya

Modeli ya bahati nasibu hutumia vikundi vile vile na kasi zile zile, ila kila tukio hupigiwa kura. Seli hii itagawanyika au itakufa? Itabaki changa au itavuka? Mbinu inayotumika zaidi ni ya Daniel Gillespie, iliyochapishwa 1977 kwa ajili ya kemia: unarusha namba nasibu moja kujua tukio lijalo litatokea baada ya muda gani, na nyingine kujua ni tukio lipi.

Faida yake inaonekana idadi ikiwa ndogo. Tuseme seli hugawanyika kwa kasi ya mara 2 kwa siku na kufa kwa kasi ya 0.5 kwa siku. Milinganyo itakuambia ukoo unakua, basi. Bahati nasibu inakuambia kwamba ukoo ulioanza na seli moja una nafasi ya robo nzima ya kutoweka kabisa, kwa kuwa nafasi hiyo ni kasi ya kufa ukigawanya kwa kasi ya kuzaa. Ukianza na seli tatu nafasi ni moja kwa 64. Ukianza na 200, sahau. Kwa hiyo kama swali lako ni umati mzima, bahati nasibu itakurudishia jibu la milinganyo kwa gharama kubwa zaidi ya umeme. Kama swali lako ni koo, hapo ndipo nyumbani kwake.

Na swali la koo ndilo lililosogeza ule ugomvi wa kambi mbili. Mwaka 2013 makundi mawili, moja la Munich na Heidelberg, jingine la Amsterdam, yalichapisha kwa wakati mmoja majaribio ya kufuata kizazi cha seli T moja moja. Wale wa Ujerumani walimpa kila panya seli changa chache zenye alama tofauti za kurithi, wakamwambukiza, kisha siku ya 8 wakahesabu wajukuu wa kila moja. Wa Uholanzi waliwawekea seli misimbo ya DNA, kama namba za utambulisho. Wote waliona jambo lile lile: koo hazilingani hata kidogo. Seli moja inazaa kijiji, jirani yake mwenye kipokezi kile kile anazaa mji. Koo chache ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya jeshi.

Utamu uko kwenye muundo wa koo zenyewe. Kama seli zote zingepigana kwanza kisha asilimia 5 zikastaafu kwa bahati, basi koo kubwa na ndogo zingekuwa na sehemu inayofanana ya seli za aina ya kumbukumbu, ukiacha kutikisika kwa namba ndogo. Haikuwa hivyo. Koo ndogo zilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya seli zenye sura ya kumbukumbu. Koo kubwa zilijaa wapiganaji. Timu ya Ujerumani ilijaribisha modeli nyingi za bahati nasibu, kila moja na mpangilio wake wa nani anamzaa nani, na iliyoshinda ilikuwa na mfuatano huu: seli changa, kisha watangulizi wa kumbukumbu wanaogawanyika polepole, kisha wapiganaji wanaogawanyika haraka. Kumbukumbu kwanza, vita baadaye. Wastani wa koo zote ukiuchora peke yake, huoni kitu.

Tahadhari moja ambayo vitabu vya mwanzo huipita kimya. Gillespie ya kawaida inachukulia kwamba seli inaweza kugawanyika dakika yoyote, hata sekunde moja baada ya kuzaliwa. Seli halisi inahitaji saa kadhaa kunakili DNA yake. Ukipuuza hilo, modeli yako itatia chumvi tofauti kati ya koo, hasa siku za mwanzo, na utasema umeelezea data kumbe umeelezea kasoro ya mbinu. Dawa ni kuugawa mzunguko wa seli katika hatua nne tano ambazo lazima zipitiwe kwa zamu.

Mawakala: mahali na ushindani

Katika modeli ya mawakala kila seli ni mtu. Ina anwani, ina umri, ina kipokezi chake, na ina sheria za kufuata. Asili yake kwenye kinga ni ya zamani kidogo: Franco Celada na Philip Seiden walitoa yao, ImmSim, mwaka 1992, vipokezi vikiwa ni nyuzi za 0 na 1 zinazolinganishwa na nyuzi za antijeni. Mrithi wake, C-ImmSim wa Filippo Castiglione, bado anatumika sana hadi leo.

Ngoja nikuonyeshe seli B moja ndani ya kituo cha uchipuzi, jinsi modeli za Michael Meyer-Hermann na kundi lake la Braunschweig zinavyoiendesha. Kituo kina sehemu mbili, ukanda wa giza na ukanda wa mwanga. Seli imetoka kugawanyika kwenye ukanda wa giza, imebadilika herufi moja ya jeni. Inafuata harufu ya CXCL13, protini inayoziita seli, kwenda ukanda wa mwanga. Pale inakutana na seli zenye matawi zilizoshikilia antijeni, inajaribu kunyofoa kipande. Kipokezi kikinata vizuri inapata, kikiteleza inajaribu tena, na saa zinahesabika. Isipopata, inakufa. Ikipata, bado. Seli T saidizi ni chache na seli B zimezizunguka kama wachuuzi waliomzingira abiria mmoja dirishani stendi, kila mmoja ameinua bidhaa juu. Anayeonyesha antijeni nyingi zaidi ndiye anayesikilizwa. Akishasikilizwa anafuata harufu nyingine, CXCL12, kurudi gizani, na idadi ya mara atakazogawanyika inategemea msaada aliopata.

Huwezi kuyaandika hayo kwa milinganyo mitatu bila kupoteza roho yake. Hapa kila seli ina kipokezi tofauti na majirani zake, na ushindani ni wa bega kwa bega. Kingine kinachoifaa ni ukubwa: kituo kimoja kina maelfu machache ya seli, mzigo ambao kompyuta mpakato ya kawaida inaubeba. Jaribu kuweka mawakala milioni 10 wa seli T, kila mmoja na baiti 200 za taarifa, na tayari umekula gigabaiti 2 za RAM kabla hata hawajapiga hatua ya kwanza.

Lakini sikiliza na hili, kwa sababu linanifurahisha kila nikilikumbuka. Wazo lenyewe kwamba seli B huzunguka, zikitoka kuchujwa na kurudi kubadilishwa tena na tena, liliwekwa mezani mwaka 1993 na Thomas Kepler na Perelson kwa milinganyo mitupu isiyo na ramani ya mahali popote. Walionyesha kuwa bila mzunguko huo, mabadiliko mengi kiasi kile yangeharibu kuliko kutengeneza. Miaka mingi baadaye, darubini za kutazama mtoki wa panya aliye hai zikaziona seli zikivuka kutoka ukanda mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo anayekuambia kwamba huwezi kusema lolote juu ya mahali bila mawakala, mkumbushe 1993.

Gharama ya mawakala haiko kwenye umeme tu. Iko kwenye vitasa vya kuzungusha. Kasi ya kutembea, umbali wa kunusa, muda wa kushikana, nafasi ya kufa, idadi ya wasaidizi: namba thelathini arobaini zinafika bila kuita. Niliwahi kupewa rasimu ya tasnifu yenye parameta 38 na nukta 7 za data. Grafu ililala juu ya nukta zote saba, na mwandishi alijivunia hilo. Ukiwa na vitasa 38 unaweza kuichora hata ramani ya Ziwa Victoria. Nilimwomba abadilishe parameta tano kwa asilimia 20 kila moja aone. Matokeo yakageuka, kumbukumbu ikawa nyingi kuliko wapiganaji. Tukarudi kwenye milinganyo minne, na tasnifu ikaokoka.

Zikiwekwa bega kwa bega

Chukua ule ugomvi wa kambi mbili uzipe njia zote tatu, ukiwa na data za jumla tu: seli ngapi siku ya 5, ya 8, ya 15, ya 30.

Milinganyo itaziridhisha kambi zote mbili. Andika njia ya kwanza, wapiganaji wote na asilimia 5 wanastaafu, mstari utapita kwenye nukta. Andika ya pili, watangulizi wanaojitenga mapema, mstari utapita pale pale. Si kosa la milinganyo. Data za jumla hazina jibu ndani yake. Bahati nasibu kwa data hizo hizo itatoa mstari ule ule ukiwa na ukungu pembeni. Mawakala watatoa mstari ule ule, ukungu, na video.

Sasa ongeza alama za seli, yaani protini zinazoonyesha seli ni ya aina gani, kwa mfano nani ana CD127 (huonekana kwa watangulizi wa kumbukumbu) na nani ana KLRG1 (huonekana kwa wapiganaji), siku kwa siku. Milinganyo inaamka. Timu ya Lyon ilifanya kitu cha aina hiyo mwaka 2017: ikatenganisha wapiganaji wa mapema na wa baadaye kwa alama zao, kisha ikapanga nani anatoka kwa nani. Ongeza koo, bahati nasibu inashika usukani, kama 2013. Ongeza picha za mtoki, au mfuatano wa jeni za vipokezi vya seli B kutoka kituo kimoja kimoja, na hapo mawakala wana chakula cha kula. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kituo kinaweza kuanza na makumi hadi mamia ya koo, kisha vingine vikatawaliwa na ukoo mmoja huku vingine vikibaki mchanganyiko. Tofauti kati ya kituo na kituo ndani ya mtoki mmoja ni data inayowalilia mawakala.

Kwa muda mrefu sana, miaka baada ya chanjo, milinganyo inarudi kileleni. Watu waliochanjwa homa ya manjano na kunywa maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito) ili seli zao ziwekwe alama, utafiti uliochapishwa 2017, walionyesha kuwa seli zao za kumbukumbu za CD8 hugawanyika chini ya mara moja kwa mwaka. Kuendesha mawakala wanaokaa bila kufanya lolote kwa miaka kumi, hatua kwa hatua za dakika chache, ni kuteketeza umeme.

Programu

Kwa milinganyo, R yenye kifurushi cha deSolve au Python yenye SciPy zinatosha, na mistari thelathini ya msimbo inakufikisha. Asiyetaka kuandika msimbo atumie COPASI: ni bure, ina madirisha ya kujaza, na uzuri wake mkubwa ni kwamba modeli ile ile unaweza kuiendesha kwa milinganyo kisha kwa bahati nasibu kwa kubadilisha chaguo moja. Kwa kulinganisha njia hizi mbili sijaona kinachomfaa zaidi mwanafunzi.

Gillespie ukiiandika mwenyewe kwa Python ya kawaida, jiandae kusubiri. Kufika seli milioni 10 ni matukio yasiyopungua milioni 10 kwa mzunguko mmoja, na unahitaji mizunguko mamia. Ujanja ninaoutumia: endesha kura hadi ukoo ufike seli elfu moja, kisha ukabidhi kwa milinganyo. Bahati ya mwanzo imeshaamua mengi kufikia hapo.

Kwa mawakala, NetLogo ndiyo ya kujifunzia. Lugha yake inasomeka, na ina maktaba ya mifano. Kituo cha uchipuzi kilichorahisishwa kinaingia humo bila shida. PhysiCell ni ya C++ na ina kasi, lakini kama hujawahi kukutana na kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, wiki mbili za kwanza zitakuwa za machozi. CompuCell3D inafaa pale umbo la seli lenyewe lina maana, jambo ambalo kwa kumbukumbu ni nadra.

C-ImmSim ya mtandaoni nina maneno nayo, au tuseme nina maneno na tunavyoitumia. Makala nyingi za kubuni chanjo kwa kompyuta humalizia na grafu zake: sindano kwenye hatua ya 1, 84 na 168, kila hatua ikiwa saa 8, kwa hiyo wiki nne kati ya sindano, na seli za kumbukumbu zikipanda vizuri. Chombo hakina kosa. Ila jaribu siku moja kukiingizia protini yoyote isiyo chanjo, ya maziwa kwa mfano, uone kama grafu itakataa kupanda. Bila kipimo hicho cha kulinganishia, ile picha ya mwisho ni pambo.

Nikuchagulie

Una sampuli za damu za watu walewale kwa miezi au miaka, na swali lako ni kinga itashuka lini: milinganyo, na hakikisha una kundi la haraka na la polepole. Hata bila kompyuta nzuri utamaliza.

Una data za seli moja moja, misimbo ya DNA au koo za vipokezi, na unataka kujua nani humzaa nani: bahati nasibu. Usilinganishe wastani, linganisha mtawanyiko wa koo, na uwiano wa kumbukumbu kwa koo ndogo na kubwa.

Swali lako ni kwa nini kituo kimoja cha seli B kinatoa kingamwili bora kuliko jirani yake, au kwa nini seli B za kumbukumbu hutoka mapema na za plazima baadaye: mawakala, lakini usianze nao. Andika kwanza milinganyo ya kitu hicho hicho, ujue ni sehemu gani inashindikana, kisha jenga mawakala kwa ajili ya sehemu hiyo peke yake. Parameta unazoweza kuzichukua kutoka majaribio ya wengine, zichukue na uzifunge. Zinazobaki huru ziwe chache kuliko nukta za data.

Huna data kabisa, unataka kujifunza tu? NetLogo, jioni mbili, ufurahi.

Na ukiwaachia mawakala usiku kucha, iambie programu ihifadhi hali ya modeli kila nusu saa pamoja na mbegu ya namba nasibu iliyoanza nayo, yaani namba inayoanzisha kura zote. Umeme ukikatika saa nane za usiku, asubuhi unaendelea pale ulipoishia, na msimamizi akikuuliza kwa nini mzunguko wa 47 ulitoa kumbukumbu mara tatu ya mingine, unaweza kuurudia mbele yake hatua kwa hatua.